Mteja anachukua mashine ya boti halafu halipi: utaratibu gani unaisaidia karakana ndogo?

Karakana_Kirumba

Mwadila wakuu. Naomba ushauri wa watu wa kazi za ufundi, hasa mlioko kando ya ziwa.

Karakana iko Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Kazi kubwa ni mashine za boti, Yamaha za nguvu za farasi 15 na 40, na pembeni pampu za maji na jenereta. Tupo mafundi wawili na kijana mmoja. Kazi ipo, shida ni hela iliyolala nje. Kwa sasa madeni yanakaribia kuwa sawa na spea tunazonunua kwa miezi miwili, na wauza spea nao wameanza kukataa kutupa mali kauli.

Wadaiwa wako hivi. Kuna wavuvi wa visiwani, Ukara, Irugwa, Kome, wanaosema "ngoja tukaijaribu ziwani" halafu mashine inakwenda moja kwa moja kambini. Kuna nahodha anayeleta mashine, ukimpigia tajiri wake, yaani mwenye mashine, anasema hakumtuma. Kuna shule na taasisi ambazo pampu yao inafanya kazi lakini ankara inazungushwa kutoka meza moja hadi nyingine. Na kuna mashine nne zimeshatengenezwa, zipo stoo, wenyewe hawapokei simu.

Maswali yangu: kianzio kiwe kiasi gani bila mteja kuhamia kwa jirani? Mvuvi anadaiwaje mpaka alipe? Hizo mashine nne naruhusiwa kuziuza nirudishe hela ya spea?

---

Fundi_wa_Mwalo

Mkuu, deni la karakana huzaliwa siku mashine inaposhushwa getini. Ukilegea pale, huko mbele utakuwa unakimbizana na simu iliyozimwa.

Anza na karatasi ya mapokezi. Daftari la nakala mbili linatosha, nakala ya juu anapewa mteja. Andika jina la aliyeleta na jina la mwenye mashine, kila mmoja na namba yake ya simu. Andika namba ya mashine iliyo kwenye kibati cha mabano yanayoshika boti, namba ya usajili wa boti iliyochorwa ubavuni, na mwalo anakoshushia samaki. Kisha hali ya mashine ilivyofika: kifuniko kipo au hakipo, propela imekatika bawa ngapi, tangi na mpira wake wa mafuta vimekuja au vimebaki. Piga picha nne, mojawapo ikionyesha kibati cha namba kwa karibu. Usiidharau hatua hii, maana kisingizio kikubwa cha kutolipa ni "mlinibadilishia kabureta" au "ilikuja na propela nzima". Ukiwa na picha ya siku ile, mazungumzo yanaishia hapo.

Kuhusu nahodha na tajiri: usifungue hata boliti moja kabla ya kuongea na mwenye mashine, nahodha akiwa amesimama mbele yako. Mpigie, mtajie tatizo na makadirio, halafu mtumie ujumbe mfupi: "Mashine yako Yamaha 15, namba fulani, imeletwa na fulani. Makadirio ni kiasi fulani. Nijibu SAWA tuanze." Jibu lake ndiyo saini yake. Asipojibu, mashine ikae kama ilivyo. Nahodha wengi ni waaminifu, ila ubishi wa nani kamtuma nani hutokea pale ambapo tajiri hakuulizwa.

Sasa kianzio. Wengi wanadai nusu kwa nusu, na hesabu hiyo inadanganya. Kinachokuumiza mteja akiingia mitini ni spea, kwa sababu umezilipia taslimu. Kwa hiyo kianzio kiwe spea zote, pamoja na theluthi ya ufundi. Tuchukue mfano: plagi mbili, impela ya pampu ya maji, gasketi ya silinda hedi na ringi, jumla 210,000. Ufundi 90,000. Kianzio ni 210,000 na 30,000, yaani 240,000. Linalobaki ni 60,000, na mashine bado iko mkononi mwako. Ungechukua nusu, 150,000, ungekuwa umemkopesha 60,000 ya spea juu ya ufundi wako wote.

Mteja hahamii kwa jirani kwa sababu ya kianzio kikubwa. Anahama akihisi bei inapanda kila akija. Basi tenga kazi mara mbili. Kwanza ada ya kufungua na kukagua, ndogo, isiyorudi, ila inakatwa kwenye bili akikubali kazi. Ukishafungua na kuona silinda imechubuka au la, ndipo unatoa makadirio ya pili na kuomba kianzio. Spea zilizotolewa zifunge kwenye mfuko wenye jina lake. Akiona impela iliyochanika mabawa, ubishi wa "mbona ghali" unapungua sana.

Tuje kwenye "tukaijaribu ziwani", maana ndiko mashine zinakopotelea. Mteja ana haki ya kutaka kujaribu, na pipa la maji halionyeshi kila kitu. Kwenye pipa utaona inawaka kwa mvuto mmoja au miwili, inatulia kwenye mwendo wa chini, na maji yanatoka vizuri kwenye tundu la kupoozea. Huwezi kuona kama inabeba boti lenye watu na nyavu. Kwa hiyo jaribio la ziwani liwepo, lakini baada ya pipa na kwa masharti haya: deni lote limelipwa isipokuwa kiasi kidogo mnachokubaliana, tuseme 20,000, fundi wako anapanda kwenye boti, petroli ni ya mteja, mnakwenda na kurudi mwaloni pale pale. Boti lisiwe limeshapakia nyavu, barafu na unga wa kambini. Likiwa limepakia, hiyo ni safari, na fundi asipande wala mashine isitoke.

Malipo yafanyike mashine ikinguruma kwenye pipa. Mteja akiiona inatema maji na kuitikia mkono wa gesi, roho yake imetulia na mkono uko mfukoni. Ukimwambia "nenda, utatuma jioni", jioni ina mambo yake.

Halafu usikubali kuonyeshwa ujumbe wa malipo kwenye simu ya mteja. Ujumbe wa kughushi ni rahisi kutengeneza, na hata kwenye simu yako angalia umetoka wapi, kwa sababu wengine wanatuma ujumbe wa kawaida ulioandikwa kama wa M-Pesa. Fungua salio lako mwenyewe. Lipa Namba ya jina la biashara inasaidia, kwani hela ya kazi haichanganyiki na ya nyumbani na miamala yote unaipata mahali pamoja siku ya kubishana.

---

Igombe_Dagaa

Naongeza upande wa mvuvi, kwa sababu karakana nyingi zinamdai siku ambayo hana kitu.

Mvuvi wa dagaa anaishi kwa giza. Taa zinavuta dagaa usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikishika, boti zinapaki wiki moja hivi hadi siku kumi. Ukimwandikia "nitalipa tarehe 15" na tarehe 15 imeangukia mwezi mpevu, umemwandikia siku ya kukukwepa. Fungua kalenda yenye awamu za mwezi, ipo hata kwenye simu. Tarehe ya malipo iweke siku ya tano au ya sita tangu giza lianze. Usiiweke siku ya kwanza, kwa sababu mauzo ya siku za mwanzo yanaliwa na madeni ya petroli na chakula yaliyobebwa toka wakati wa mbalamwezi. Ukichelewa mpaka giza linaisha, mgawo umeshafanyika na kila mtu amekwenda kwao.

Mgawo ndio kitu cha kuuelewa. Samaki wakiuzwa zinatolewa kwanza gharama, yaani petroli, chakula, barafu kama ni sangara, halafu kinachobaki kinagawanywa kati ya tajiri na wavuvi. Kambi hazifanani kuhusu matengenezo ya mashine. Kuna zinazoyaweka kwenye gharama kabla ya mgawo, na kuna zinazomwachia tajiri kwenye fungu lake. Muulize tajiri mapema: "Hii bili inakaa upande gani?" Ikiwa kwenye gharama, msimamizi wa kambi anaweza kukutumia kabla ya mgawo, na hela inakuja haraka. Ikiwa upande wa tajiri, usihangaike na nahodha, hana cha kukupa.

Sangara ni hesabu nyingine. Wavuvi wengi wa sangara wanauza kwa wakala ambaye tayari amewakopesha nyavu, petroli, hata mashine yenyewe. Wakala huyo anakata chake mzani ukishapima, kwa hiyo wewe unasimama nyuma yake kwenye foleni. Ni afadhali kumwingiza mapema. Andikeni karatasi ya watu watatu: karakana, mwenye boti na wakala. Wakala anakubali kukata kiasi fulani kwa kila mzani mpaka deni liishe na kukutumia wewe moja kwa moja. Wakala ana sababu ya kukubali, maana boti lisilo na mashine halimletei samaki. Akikataa kusaini, hiyo pia ni taarifa: anamjua mteja wako kuliko wewe.

Saa za kupiga simu nazo zina maana. Boti za dagaa zinafika mwaloni asubuhi. Kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi msimamizi yuko nchi kavu, ana mtandao, na hela inahesabiwa mbele yake. Ukipiga saa 2 usiku yuko majini au simu imezimwa kuhifadhi chaji, na wewe unadhani anakukwepa.

Kwa mteja wa kisiwani usiyemfahamu, chukua namba ya mwenyekiti wa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo wake. Hutaki akulipie. Unataka kuhakikisha boti hilo lipo pale na mwenye nalo ni huyo anayesema. Boti huhama kambi kufuata samaki, na deni lililoachwa Ukerewe linaweza kuwa Muleba kabla hujamaliza kuandika ujumbe wa kumkumbusha.

---

Mizani_Nyakato

Wametangulia vizuri. Mimi niseme hesabu, kifupi.

Kwa mfano wa Fundi: bili 300,000, na tuseme gharama zako zote, spea, umeme, kodi ya banda na posho ya kijana, zinafika 240,000. Faida ni 60,000. Mteja mmoja asipolipa kabisa, umepoteza 240,000 taslimu, na unahitaji kazi nne zilizolipwa vizuri ili tu urudi ulipokuwa. Bandika hesabu hiyo ukutani, mafundi waione, kwa sababu mara nyingi anayeachia mashine ni fundi anayemwonea huruma mteja wakati mwenye karakana hayupo.

Weka ukomo wa mikopo yote kwa pamoja: usizidi spea za mwezi mmoja. Wewe uko miezi miwili. Kwa hiyo kuanzia leo hakuna mkopo mpya mpaka jumla ishuke, hata kwa mteja mzuri. Mteja mzuri ataelewa.

Daftari la madeni liwe tofauti na la mauzo. Safu zake: jina, tarehe ya kazi, kiasi, tarehe ya kulipa, alicholipa, baki. Kila Jumamosi yapange kwa umri: yasiyofika siku 30, ya 31 hadi 60, ya 61 hadi 90, na zaidi ya hapo. Wengi wanakosea kwa kuanza kudai yale ya zamani zaidi kwa sababu ndiyo yanayouma. Anza na ya siku 31 hadi 60. Hapo mteja bado anakuhitaji, bado ana mashine ileile, bado anaona aibu. Yaliyopita siku 90 yanahitaji njia nyingine, siyo simu ya ishirini.

Ratiba ya kukumbusha: siku mbili kabla ya tarehe, siku yenyewe, siku ya 3 baada yake, siku ya 7. Kila ujumbe utaje kiasi, kazi na tarehe, usiandike "mkuu nikumbuke". Siku ya 14 barua. Anayesema "sina yote" mpe nafasi ya awamu palepale, ila apewe tarehe na kiasi, na awamu ya kwanza ailipe siku hiyohiyo hata kama ni 10,000.

Shule na taasisi. Hapa shida kwa kawaida ni karatasi. Usiende kutengeneza pampu kwa simu ya mwalimu au mtunza stoo. Kwa taasisi ya umma omba LPO, yaani hati ya kuagiza kazi, kwanza. Manunuzi ya umma sasa yanapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, na kazi iliyofanywa nje ya utaratibu inakosa mahali pa kulipiwa hata mkuu wa shule akiwa na nia njema. Ukimaliza kazi, mtu mwenye mamlaka asaini hati ya kukamilika siku hiyohiyo, pampu ikiwa inatoa maji. Ankara ibebe namba ya LPO, TIN yako na akaunti yenye jina lilelile lililo kwenye LPO. Jina likitofautiana hata neno moja, faili linarudi. Angalia pia kalenda: mwaka wa fedha wa serikali unafungwa 30 Juni. Ankara ya Mei fuatilia kwa miguu, kwani isipolipwa kabla ya kufunga inageuka deni la mwaka uliopita na kuanza safari upya.

Unapopanga bei za taasisi kumbuka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Ankara ya ufundi ya 400,000 inaingia 380,000. Zile 20,000 hujaibiwa, zimekwenda TRA kwa jina lako, mradi upewe cheti cha zuio. Bila cheti huwezi kuzidai kwenye hesabu zako za kodi. Cheti kidaiwe kama unavyodai hela.

Na usisaini hati yoyote inayosema umelipwa kabla hela haijaingia, hata ukiambiwa ni "utaratibu tu wa ofisi". Ukishasaini, ushahidi umeuhamishia upande wao.

---

Nyamagana_Sheria

Nimeona swali la mashine nne halijajibiwa.

Kuikalia mashine mpaka ulipwe ni haki yako. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inamlinda mtu aliyepokea kitu cha mwenzake na kukifanyia kazi ya ufundi: anaweza kukizuia mpaka alipwe ujira wa kazi hiyo. Lakini haki hiyo ina mipaka watu wanayoisahau. Ni kwa kazi iliyofanyika kwenye mashine hiyohiyo. Deni la mashine ya mwaka jana halikupi ruhusa ya kuzuia mashine aliyoleta leo. Pili, ukiiachia tu, umeipoteza haki hiyo. Ndiyo maana Fundi amesisitiza habari ya jaribio la ziwani. Tatu, ukikubaliana kwa maandishi kwamba atachukua sasa na kulipa mwisho wa mwezi, huwezi kugeuka tena na kuizuia kabla ya tarehe hiyo.

Kuuza ni jambo tofauti. Usiuze kwa uamuzi wako peke yako. Ukiuza, mwenye mashine anaweza kukudai thamani yake yote, na anaweza kukupeleka polisi kwa wizi, wewe ukiwa na deni la 60,000 tu. Njia salama ni mbili: makubaliano ya maandishi tangu mwanzo, au amri ya mahakama. Vilevile ada ya kutunza mashine stoo huwezi kuianzisha katikati. Lazima iwe imeandikwa kwenye karatasi ya mapokezi aliyoisaini.

Kwa mashine nne ulizonazo andika barua kwa kila mmoja. Itaje namba ya mashine, kazi iliyofanyika, kiasi kinachodaiwa, siku 14 za kuja kuichukua, na kwamba asipofika utafungua madai. Ipelekwe kwa mkono akasaini kupokea, na asipopatikana ipitie kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au wa kijiji anakoishi, apige muhuri kwenye nakala yako. Tuma pia picha ya barua kwenye simu yake. Wengi hujitokeza hapo, kwa sababu barua yenye muhuri inafika masikioni mwa ndugu.

Baada ya hapo, Mahakama ya Mwanzo. Madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni 30 yanasikilizwa huko, kwa Kiswahili, na unaweza kusimama mwenyewe. Nenda na karatasi ya mapokezi, ujumbe wa kukubali makadirio, picha, risiti za spea, barua na nakala yenye muhuri. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, ila kuuthibitisha ni kazi. Omba waziwazi amri ya kulipwa na, asipolipa, mashine iuzwe kwa usimamizi wa mahakama, kinachozidi arudishiwe. Ujue pia kwamba hukumu peke yake haileti hela. Mdaiwa asipotii unarudi kuomba kukazia hukumu, na ni wewe unayepaswa kujua mali yake iko wapi. Hapo ndipo namba ya usajili wa boti na jina la mwalo vinapolipa.

Muda: madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6 chini ya Sheria ya Ukomo. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kusaini, au akilipa sehemu, muda unaanza kuhesabiwa upya. Usisubiri huko, lakini kila anapolipa awamu mwandikishe "nimelipa kiasi fulani, nimebakiza kiasi fulani" asaini.

Mambo mawili ya kuepuka. Kwanza, polisi. Deni ni madai, si jinai, na askari hana kazi ya kukukusanyia. Jinai inaanza palipo na udanganyifu, kwa mfano ujumbe wa malipo wa kughushi au jina la uongo. Hapo karipoti, na usiufute ujumbe. Pili, kumweka mdaiwa kwenye makundi ya WhatsApp na picha yake. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, picha, namba ya simu na habari za deni la mtu si vitu vya kusambaza utakavyo. Anayedaiwa 80,000 anaweza kukugeuzia kibao.

---

Friji_Igoma

Natofautiana kidogo na Mizani kuhusu ratiba ya simu. Kwa kazi ndogo, kunoa, kujaza gesi ya friji, kubadilisha kamba ya kuvutia jenereta, kufuatilia kunakula zaidi ya deni. Bodaboda kwenda na kurudi Buhongwa, saa tatu za fundi, kwa 15,000? Weka kiwango: chini ya 30,000 hakuna mkopo kabisa, analipa ndipo anachukua. Walioshindwa kulipa viwango hivyo kabla, tuma ujumbe mara mbili, kisha jina linaingia kwenye orodha ya "taslimu tu" iliyobandikwa ndani, upande wa mafundi, siyo barazani. Akirudi, na wengi hurudi kwa sababu vitu huharibika tena, analipa la zamani kwanza.

Wateja wanaoitwa nyumbani wana shida yao: ukishamaliza, kitu kiko kwake, huna cha kuzuia. Kwa hao chukua hela ya spea na nauli kabla hujatoka karakana.

---

Karakana_Kirumba

Asanteni sana wakuu, mmenipa kazi ya kufanya. Maswali mawili tu. Nyamagana, hayo makubaliano ya tangu mwanzo kuhusu kuuza yanaandikwaje yasigeuke tatizo? Na Igombe, mteja wa zamani kabisa, hajawahi kukwama, nimdai kianzio kilekile?

---

Nyamagana_Sheria

Weka chini ya karatasi ya mapokezi, juu ya saini, kwa herufi zinazosomeka: "Mteja atachukua mashine ndani ya siku 30 tangu kujulishwa kwamba iko tayari. Baada ya hapo atalipia utunzaji shilingi 1,000 kwa siku. Ikipita miezi 3 bila kulipa wala kuichukua, karakana itampa notisi ya maandishi ya siku 14, na baada ya hapo inaruhusiwa kuuza mashine kwa bei ya soko, kukata deni na gharama, na kumkabidhi mteja kinachobaki." Badilisha namba kwa hali yako. Msomee kabla hajasaini, hasa asiyeweza kusoma, na shahidi asaini naye. Hata ukiwa na karatasi hiyo, uza mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili, pata bei za watu watatu kwa maandishi, na salio lake liweke pembeni mpaka aje. Mpe mwanasheria aikague mara moja kabla hujachapisha daftari zima.

---

Igombe_Dagaa

Huyo wa zamani mpunguzie ufundi ukitaka, spea alipe. Anaweza kuwa mwaminifu na giza likawa baya, upepo ukapiga au dagaa wakakosekana, naye akakwama bila kutaka. Spea zikiwa zimelipwa, nyote wawili mnaweza kungoja giza linalofuata bila kuchukiana. Ila tarehe iandikwe hata kwake, na iandikwe kwa kuangalia mwezi.

---

Fundi_wa_Mwalo

Na karatasi ya mapokezi ikae kwenye mfuko wa nailoni, kalamu iwe ya wino usioyeyuka. Karakana za boti zina maji na mafuta kila mahali, saini ikifutika hakuna kilichoandikwa. Mwisho wa siku piga picha kila ukurasa mpya, zihifadhi kwenye simu mbili.